Bolti Mbili za Nyuki

3 Februari

Spana, mwanangu,

Nakuitikia marahaba mapema kabisa, maana shikamoo yako najua itachelewa njiani kama kawaida yake. Hapa tuko wazima, ukitoa vijimambo. Baba yako goti limemvimba tena, anatembea kwa kushika ukuta na fimbo hataki hata kuiona. Anasema fimbo ni ya wazee, na wakati huohuo ananizidi miaka minne. Dada yako amepewa meza ya kukata vitambaa pale kwenye cherehani, kwa hiyo siku hizi anatembea kama meneja. Paa langu la jikoni linavuja palepale ulipoliziba.

Sikupigii simu kwa sababu kwenye simu wewe hujibu kabla hujafikiri. Na hili nataka ulifikirie.

Kamati ya klabu imeniandikia. Mpaka mkutano wa Septemba sina ruhusa ya kugusa injini ya mwanachama yeyote. Miaka ishirini na miwili nimewafundisha watu pale kufunga injini za ndege ndogo za kurushwa kwa rimoti, na leo nikifika nakaa kwenye viti vya wageni. Ni kwa ajili ya Nyuki, ile ndege yangu. Nalirudia jambo lote hapa ili unisahihishe nilipokosea.

Siku ya maonyesho, Novemba, nilimwasha Nyuki mezani asubuhi, nikamaliza tangi zima. Hilo nalikumbuka. Nakumbuka pia nimeshika spana ndogo kwa mkono mmoja na kitambaa kwa mwingine. Kisha Katibu akaniita nikatie sahihi karatasi za warushaji, nikaenda. Niliporudi Nyuki alikuwa keshavikwa kifuniko, tukampeleka uwanjani. Dakika ya tisa ekzosi ikachomoka angani, ikiwa moto, ikamwangukia Filimbi, msimamizi wetu wa uwanja, mkononi pale anaposimama na kipenga chake. Vidole viwili havikunji mpaka leo, na Filimbi hajapita kwangu tangu siku hiyo. Kamati ilitazama injini, ikakuta matundu ya bolti matupu, ikasema fundi hakukaza.

Kanuni yangu unaijua, nimekuimbia tangu hujafikia kimo cha jiliwa la kubania vyuma mezani. Osha nyuzi za bolti kwa spiriti mafuta yatoke. Kaza baridi. Washa tangi zima. Kaza tena ingali moto, kwa sababu alumini ikipata moto hutanuka kuliko chuma cha bolti na kila kitu hujikalia upya. Ndipo ufunge nati ya pili kwa nyuma. Ukiruka hatua, mtetemo hauna huruma.

Wewe ulikuwa upande wa pili wa meza ile. Nilikaza au sikukaza? Niambie ukweli hata kama utaniuma. Kamati hainitishi. Kinachonitisha ni kwamba nikijaribu kuukumbuka mkono wangu ukizungusha ile spana, kuna siku nauona na kuna siku siuoni.

Nakusubiri,
Shangazi yako


11 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa kimya, kazi hapa haina Jumapili. Mimi mzima. Chumba nilichopanga kiko juu ya duka la matairi, asubuhi naamshwa na ile mashine ya kujazia upepo. Mwambie Baba aache ubishi na goti, na dada umwambie nimefurahi sana.

Karakana ni kubwa, Shangazi, ungeipenda. Kila fundi ana meza yake na taa yake. Tajiri ni mtu mpole. Tunafunga injini za ndege zinazopiga picha mashamba, na pia tunatengeneza vifaa vidogovidogo vya kuuza.

Kuhusu ulichouliza, nimefikiri kama ulivyotaka. Ukweli ni kwamba sikuona vizuri. Nilikuwa nimeinama nafunga bawa. Lakini hata kama ulisahau, nani hasahau? Ulikuwa umeamka mapema, ulikuwa umechoka, watu wanakuita huku na huku. Usijilaumu. Mambo haya huwapata mafundi wakubwa kuliko sisi.

Hapa wala hatuhangaiki na kukaza mara mbili. Tuna gundi ya bolti, ya bluu, unatia tone moja tu kwenye nyuzi. Ningekuletea kichupa ujaribu, ungepumzika na hizo nati zako.

Pumzika, Shangazi. Umefanya kazi ya kutosha.

Mwanao,
Spana


20 Machi

Spana wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu, nikaona imejaa salamu na jibu ni kijiko kimoja. Lakini nashukuru, asiyeona hawezi kusema ameona.

Gundi yako ya bluu ibaki hukohuko. Ni nzuri kwa bolti za kitanda. Pale kwenye ekzosi moto unailainisha kama asali, na kwenye nyuzi zenye mafuta ya nyonyo, haya tunayochanganya kwenye fueli, haishiki kabisa. Tena hutaka siku nzima kukauka, na sijaona kijana wa siku hizi mwenye siku nzima.

Sasa sikiliza nilichofanya. Injini ya akiba, ile pacha wa Nyuki, ni yangu mwenyewe, kamati haina neno nayo. Nimeifunga kwenye ubao nyuma ya nyumba, nikaikaza baridi tu kwa makusudi, sikurudia ikiwa moto. Nati za pili niliweka. Nikawasha. Jirani akatoa kichwa dirishani kuuliza kama nasaga mahindi. Tangi la kwanza, kimya. La pili, kimya. Tangi la nne ndipo bolti ya chini ikaanza kulegea, nayo ni robo mzunguko.

Tangi moja ni dakika kumi, Spana. Kwa hiyo hata ningesahau kukaza moto, ekzosi isingeanguka dakika ya tisa. Ili ianguke mapema vile, lazima niwe nimesahau kila kitu: spiriti, kukaza mara ya kwanza, mara ya pili, na nati zote mbili za nyuma. Mtu wa kusahau hivyo hafai kuachiwa kisu, sembuse injini. Nilikaa pale kwenye ndoo nikalia, na mimi si mtu wa kulia, unajua.

Tangu siku hiyo naandika ukutani jikoni kwa chaki. Nimezima jiko. Nimefunga mlango. Nimekunywa dawa. Kila nikifanya jambo naweka alama. Baba yako aliuona ukuta ule. Kesho yake alikuja na kufuli lake, akafunga karakana yangu, ufunguo akaondoka nao. Amesema mkutano ukiamua vibaya, mashine yangu ya kukereza tuipe chuo cha ufundi ikawafae vijana. Nilikubali mwenyewe. Ningekataa kwa hoja gani?

Filimbi nilimwona sokoni juzi, anabeba kikapu kwa mkono wa kushoto. Alinipa salamu ya mbali.

Niandikie upesi safari hii. Barua zako zinanichangamsha hata zikiwa hazina kitu.

Shangazi


2 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama. Mimi mzima, nimehamishiwa meza ya karibu na dirisha, na hiyo hapa ni heshima.

Baba aliniandikia kuhusu karakana. Naona alifanya vizuri. Usimkasirikie. Wewe umeshika vyuma tangu ujana wako, hakuna ubaya kukaa kivulini sasa na kuwatazama wengine wakichafuka mikono. Tena ungeacha na hayo majaribio ya nyuma ya nyumba, yanakupa mawazo bure. Yaliyopita si ndwele.

Nina ombi dogo. Karakana inataka kunithibitisha kuwa fundi kamili mwaka huu, na fomu lazima ijazwe na mwalimu aliyenifundisha kazi. Mwalimu wangu ni wewe, sina mwingine. Nimeiweka ndani ya bahasha hii. Ni maswali matano tu na sahihi. Wanaitaka kabla ya mwisho wa Septemba.

Wasalimie wote.

Mwanao,
Spana


19 Mei

Spana,

Marahaba. Fomu imefika, nimeilaza chini ya redio isipeperuke. Baba yako anaendelea vizuri, ameanza kutumia fimbo ila anaiita mwavuli. Dada yako amemshonea suruali, mguu mmoja mrefu, na yeye anaivaa.

Wiki iliyopita nilimwomba Katibu anisomee kumbukumbu za kikao cha kamati, kile cha siku nne baada ya ajali. Nilitaka kujua waliandika nini kuhusu injini. Katibu ni mtu wa haki, aliona haya, akanipa faili nisome mwenyewe kisha akaenda kusimama dirishani.

Nimenakili neno kwa neno: “Shahidi, ambaye ni ndugu wa fundi na msaidizi wake, alieleza kuwa fundi siku hizi husahau sana, na kwamba mara mbili ameacha jiko likiwaka akatoka.”

Ndugu na msaidizi wangu ni mmoja tu. Na siku hiyo ulirudi nyumbani, ukala mezani kwangu, ukaniambia kamati walikuuliza habari za bawa.

Sijakasirika bado, nauliza. Ulisema hayo? Na jiko ni lipi? Mimi nakumbuka jiko moja lililoachwa likiwaka, ulipokuwa unachemsha maji ya kunyoa ukaitwa na rafiki zako. Sufuria iliungua ikabaki nyeusi, nikaitupa. Au na hilo pia nimelikosea? Wewe sema tu. Siku hizi nikikumbuka jambo namtafuta mtu wa kunithibitishia kwanza, na mtu huyo kila mara huwa wewe.

Shangazi


30 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Naomba radhi kwa kuchelewa, nilikuwa na homa kidogo, sasa nimepona. Nimefurahi Baba kukubali fimbo.

Ndiyo, nilisema. Lakini nisikilize kabla hujanihukumu. Kamati walikuwa wamechacha, wengine walitaka ufukuzwe siku ileile. Nikaona nikisema ni umri, watakuonea huruma. Nani anamfukuza mtu kwa kuzeeka? Nilikusaidia, Shangazi, ingawa sikujua namna ya kukueleza. Kama si maneno yale, leo usingekuwa hata na hicho kiti cha wageni.

Kuhusu jiko, huenda tulichanganya. Mambo ya zamani hayo.

Wewe ni kama mama kwangu, siwezi kukutakia mabaya. Tafadhali usilisahau lile la fomu.

Mwanao,
Spana


17 Julai

Spana,

Marahaba. Wote wazima.

Unauma huku unapuliza, na mimi nimekaa naupokea huo upepo kama mjinga. Lakini leo sikuandikii kuhusu hilo.

Siku ya Jumanne Filimbi alikuja. Miezi minane hajavuka mlango wangu, nikamwona amesimama na mfuko wa karatasi kifuani, sikujua kama nimkaribishe au niombe msamaha upya. Aliingia mwenyewe. Alisema mkewe alikuwa anasafisha droo ya dawa akaikuta ile ekzosi. Waliiokota uwanjani siku ile, ikafungiwa mle pamoja na bandeji. Mke alitaka kuitupa. Filimbi akasikia kwamba nafanya majaribio, akaona labda itanifaa. Baada ya yote mkono wangu uliyomfanyia, hakusahau kwamba mimi ni fundi.

Bolti moja imenasa ndani ya sikio la ekzosi, pale inapopitishwa bolti, imepinda kidogo. Kamati hawakuiona, wao walitazama injini tu. Niliichomoa kwa koleo mbele ya Filimbi, nikaipeleka kwenye mwanga wa mlango.

Ni fupi. Haifiki hata nusu ya kupokea nati ya pili. Kichwa chake ni cha pembe sita, cha kiwandani. Wewe unajua kwamba bolti za Nyuki nilizikereza kwa mkono wangu, ndefu, vichwa vya mviringo vilivyosawazishwa pande mbili ili spana ishike. Sijawahi kukereza kichwa cha pembe sita maisha yangu yote. Na ndani ya nyuzi kuna ukoko wa bluu.

Filimbi akauliza, “Hii bluu ni nini?” Nikamwambia sijui. Ni uongo wa kwanza niliowahi kumwambia, na nilimwambia kwa ajili yako, huku natazama vile vidole vyake viwili vimesimama.

Sasa sina swali la kukumbuka wala kusahau. Bolti zangu ziko wapi?

Shangazi


27 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Nimeanza barua hii mara nyingi na nyingi nimezichana. Naona hakuna njia ila kusema.

Wiki moja kabla ya maonyesho, tajiri wa hapa alikuja klabuni. Ndiye anayetengeneza ile gundi. Alinipa kichupa na bolti mbili, akasema, “Kila mtu anajua injini ya shangazi yako haijawahi kulegeza kitu. Ikiruka na gundi yangu mbele ya watu, wewe njoo, meza yako ipo.” Nilikuwa nimechoka kuitwa msaidizi. Nilitaka Nyuki atue salama, kisha nikuoneshe mbele ya wote. Niliamini utacheka.

Ulipokwenda kwa Katibu, nilichomoa bolti zako, nikaweka zile zake. Zilipata shida kutoka, maana ulikuwa umezikaza. Nilikuona ukizikaza moto na kitambaa mkononi, na nati za pili ukafunga. Sikuosha nyuzi, hapakuwa na nafasi. Gundi ilitaka siku nzima na mimi niliipa dakika ishirini. Bolti zako nilizitia mfukoni. Ninazo mpaka leo kwenye sanduku la vifaa.

Ekzosi ilipoanguka nilitaka kusema. Naapa nilitaka. Lakini mtu ameumia, watu wanapiga kelele, tajiri ananitazama. Kamati waliponiita, neno lililotoka ni lile la kusahau. Na wewe ulipoanza kuamini mwenyewe kwamba umesahau, nikaona labda ni nafuu kwetu sote. Wewe una nyumba yako, una kaka yako, huhitaji tena injini. Mimi ndiyo kwanza naanza. Tajiri alinipa meza hata hivyo; hajawahi kuniuliza kama niliitumia gundi yake, nami sijamwambia.

Nimekukosea sana. Nakuomba mambo mawili tu. Barua hii ukishaisoma ichome. Na ile fomu, Shangazi, inatakiwa kabla ya mwezi ujao kwisha. Bila sahihi yako nitarudishwa kwenye kufagia.

Mwanao siku zote


21 Septemba

Mtoto wa kaka yangu,

Marahaba. Baba yako hajambo kwa mwili. Dada yako ni mzima.

Barua yako sikuichoma. Niliishika siku tatu. Siku ya kwanza nilifurahi, nisikufiche; nilizunguka jikoni nikisema peke yangu, nilikaza, nilikaza, kama mwendawazimu. Siku ya pili hasira ilinishika hata chakula hakikupita. Siku ya tatu nilivaa nguo za kutokea, nikaenda nayo mkutanoni.

Nilimpa Katibu aisome kwa sauti, kwa sababu mimi nisingeimaliza. Baba yako alikuwa amekaa safu ya pili na fimbo yake. Ilipofika pale pa bolti mfukoni, nilisikia kiti kimoja tu kikilia. Katibu alipokunja karatasi, Filimbi aliinua mkono kama mwanafunzi.

“Kwa hiyo hakusahau?”

“Hakusahau,” Katibu akasema.

Filimbi akaja upande wangu, akanipa mkono wa kulia, ule ulioumia. Aliniambia miezi yote hii aliona heri ameumizwa na mkono uliochoka kuliko mkono wa mzaha, na sasa hajui aone heri gani. Nilimwomba radhi kwa ule uongo wa Julai, akanisamehe palepale.

Barua zako nimezipanga zote mezani, nikazisoma upya tangu ya Machi. Umeuliza goti la baba yako, umeshangilia meza ya dada yako, umenieleza habari za taa na dirisha lako. Mkono wa Filimbi hukuuliza hata mara moja. Hata mwishoni ulipotubu uliandika “mtu ameumia.” Mtu huyo ndiye aliyekushikia kiti cha baiskeli mpaka ukajua kuendesha.

Baba yako alitoka mkutanoni kabla haujafungwa. Nilimkuta mlangoni pa karakana yangu, anahangaika na kufuli, ufunguo hauingii. Alisema, “Dada, nilikufungia kazi yako kwa neno la mwanangu.” Nilimfungulia mimi. Tuliingia, tukakaa kwenye benchi mpaka tulipohisi njaa.

Sasa nikwambie ni lipi ninalokulaumia, usije ukachanganya. Kuchomoa bolti zangu ni ujinga, na ujinga kila fundi anao wake. Mimi nilishawahi kufunga pangaboi la ndege kinyumenyume mbele ya wageni. Kwa haraka yako na kichupa chako ningekugombeza mwezi mmoja kisha tungecheka. Hata kukaa kimya uwanjani, siku ile, kwa hofu, naweza kukuelewa nikijilazimisha. Lakini nilikuandikia Februari nikakuuliza swali moja. Nilikuwa natafuta akili yangu, na nikaja kuitafuta kwako, kwa sababu niliamini kwako haiwezi kupotea. Ulikuwa umeishika mkononi. Ukanitazama nikipapasa gizani, ukaniambia nipumzike. Uliniandikia kwamba huenda na jiko tulichanganya. Ungeandika neno moja tu, ulikaza, hata bila kueleza kingine, ningekulinda mbele ya kamati nzima na usingejua nimekulinda. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na mimi nguo hiyo nilikuwa naifua mwenyewe.

Nimekulea miaka kumi na moja na sijui kama nilikuwa nakujua. Hilo linaniuma kuliko mkutano, kuliko kufuli, na sitalificha.

Kamati imenirudisha. Jumamosi nilifundisha, walikuja watu tisa. Ukuta wa jikoni nimeufuta kwa kitambaa chenye maji, kisha nikaogopa, nikaandika tena mistari miwili, kisha nikaifuta na hiyo. Itachukua muda. Mtu akiambiwa kwa miezi kumi kwamba kichwa chake kinavuja, hakizibiki kwa siku moja hata akijua aliyetoboa.

Bolti zangu nitumie kwa posta. Hazina kazi kwako.

Fomu yako nimeijaza. Sikutaka kukukomoa, kwa hiyo nimejibu kila swali kwa haki. Anajua kusoma vipimo? Ndiyo. Anajua kutambua sauti ya injini mbovu? Ndiyo, kuliko wengi. Anatunza vifaa? Ndiyo. Anawahi kazini? Ndiyo. Swali la tano wameuliza kama injini aliyoifunga fundi huyu inaweza kuruka bila mtu mwingine kuikagua. Nimeandika hapana. Nimetia sahihi chini yake, nimelamba bahasha, nimeipeleka posta kwa miguu yangu, na niliporudi nyumbani sikuhitaji kumuuliza mtu kama nimeipeleka.

Shangazi yako